Biblia ya Kiswahili: uchukue tafsiri ipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiingia duka la vitabu vya dini, muuzaji atakuuliza kama unataka yenye zipu au ya kawaida, nyeusi au ya rangi. Hayo ni maswali ya jalada. Ukurasa huu unahusu kilichomo ndani: maneno ya nani, Kiswahili cha wapi, na utajuaje kabla hujalipa. Mwishoni tumegusa Qur'ani pia, maana wanaouliza ni wengi.

Si Biblia ni moja? Kwa nini tafsiri ziwe nyingi?

Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, na sehemu chache kwa Kiaramu. Agano Jipya ni la Kigiriki. Kila anayelileta kwenye Kiswahili lazima aamue mambo mawili: Kiswahili cha nani, na kama atafuata umbo la maneno ya asili au maana yake.

Hilo la "Kiswahili cha nani" lilisumbua kwa zaidi ya miaka mia. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na akaanza na kitabu cha Mwanzo. Zanzibar, Askofu Edward Steere na wenzake walitafsiri kwa Kiunguja. Steere alifariki 1882, na Biblia nzima ikatoka 1891. Mombasa hawakuridhika kusoma Kiunguja, wakapata Biblia ya Kimvita mwaka 1914. Kisha mmisionari Mjerumani Karl Roehl akatoa yake mwaka 1937, akipunguza makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu na kutafuta ya Kibantu badala yake. Kwa hiyo wakati Kiswahili Sanifu kinajengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, makanisa ya Afrika Mashariki yalikuwa yakisoma Biblia tatu tofauti.

Toleo lililotoka 1952 lilikusudiwa kuwaunganisha, ndiyo maana likaitwa Union Version. Hilo ndilo watu huliita UV, na ndilo wazee wengi wamelikariri.

Biblia Habari Njema (BHN) ilikuja baadaye: Agano Jipya lilitangulia miaka ya 1970, Biblia nzima ikafuata miaka ya 1990. Iliandaliwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Siku hizi yapo pia masahihisho ya UV yanayoitwa Revised Union Version (RUV), ambayo yanabakiza mwendo wa zamani na kubadilisha maneno yaliyokufa, na Neno: Biblia Takatifu, ambayo lugha yake iko katikati ya UV na BHN.

Kwa kifupi basi, UV na BHN zinatofautianaje?

Fungua mstari wa kwanza kabisa. UV: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." BHN inasema mbingu na *dunia*. Mtoto wa shule akisikia "nchi" anafikiria Kenya au Tanzania, kwa hiyo BHN imemsaidia. Lakini shuka mpaka mstari wa 10 katika UV: "Mungu akapaita pale pakavu Nchi." Kiebrania kina neno lile lile katika mistari yote miwili, na UV imelibakiza. Ukishaweka "dunia" kwenye mstari wa 1 huwezi kuirudia kwenye wa 10, kwa kuwa pale pakavu peke yake si dunia. Msomaji amepata urahisi, akapoteza uzi unaounganisha mistari hiyo. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amelipa gharama yake mahali tofauti.

Angalia na sarufi. Waebrania 11:1 katika UV: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." BHN inafungua "yatarajiwayo" kuwa mambo *tunayotumainia*: sasa kuna watu wanaotumaini, nao ni sisi. Ni rahisi zaidi sikioni. Ila "bayana" ni neno la mahakamani, lenye uzito wa ushahidi, na ukiliondoa uzito huo nao unapungua.

Kwa ujumla: UV hufuata maneno, BHN hufuata maana. UV hukaririka. BHN hueleweka mara ya kwanza.

Ni ipi iliyo karibu zaidi na asili?

Swali hili huulizwa kana kwamba jibu ni moja. "Karibu" kwa kipimo gani? Ukitaka kujua neno fulani limerudiwa mara ngapi katika sura, UV itakudanganya mara chache zaidi. Ukitaka kuelewa hoja ndefu ya Paulo katika Warumi bila kupotea katikati ya sentensi, BHN itakusogeza karibu zaidi na alichomaanisha.

Wapo wanaoipima Biblia ya Kiswahili kwa ile ya Kiingereza ya King James. Hiyo nayo ni tafsiri, ya mwaka 1611, na mara nyingine Kiswahili kinaishinda Kiingereza cha leo waziwazi. Soma Luka 22:31–32 katika UV. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka *ninyi*", kisha anaendelea: "lakini nimekuombea *wewe* ili imani yako isitindike." Shetani anawataka wote, aliyeombewa ni mmoja. Kigiriki kinatofautisha hivyo, na Kiswahili hakiwezi kukosa kutofautisha. Kiingereza cha sasa kina neno moja tu kwa wote wawili, na msomaji anapitwa.

Jambo jingine Kiswahili kimepewa bure ni saa. Katika Injili saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi. Yesu aliketi kisimani "yapata saa sita" (Yohana 4:6), yaani adhuhuri, jua la utosi. Katika Mathayo 20 mwenye shamba anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, mwisho saa kumi na moja. Mswahili anajua bila kuambiwa kwamba saa kumi na moja jioni imebaki saa moja jua lizame, ndiyo maana wale wa mwisho walilalamikiwa kuwa wamefanya kazi saa moja tu. Mnaolea watoto Ulaya au Marekani na kusoma kwa lugha mbili nyumbani, angalieni hapo: Biblia ya Kiingereza mara nyingi imeshageuza saa hizo, na mtoto ataona vitabu viwili vinapingana.

UV ni ngumu. Maneno gani hasa hututega?

Neno usilolijua si hatari sana, kwa sababu utauliza. La hatari ni lile unalodhani unalijua.

*Hata.* Leo tunasema "hata wewe?" Katika UV mara nyingi maana yake ni "mpaka". Mathayo 1:25, kuhusu Yusufu na Mariamu: "asimjue kamwe hata alipomzaa mwanawe." Maana yake ni *mpaka* alipomzaa. Mtu akilisoma kwa "hata" ya leo, sentensi inageuka kitu kingine kabisa, na mstari huu umebishaniwa na madhehebu kwa karne nyingi. (Na "kumjua" hapo ni kulala naye, kama katika Mwanzo 4:1.)

*Umbu, maumbu.* Mathayo 13:56: "Na maumbu yake wote hawapo hapa petu?" Umbu ni dada wa mwanamume. Vijana wengi hudhani ni maumbo.

*Tindika.* Kukatika, kuisha. "Imani yako isitindike."

*Kadhi.* Luka 18:2: "Palikuwa na kadhi katika mji fulani, hamchi Mungu, wala hajali watu." Kwa watafsiri, kadhi alikuwa mwamuzi wa mji, basi. Leo Zanzibar na Kenya kadhi ni mwamuzi wa mahakama ya Kiislamu, na Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaja hivyo. Msomaji asiye mwangalifu ataona UV inamsema vibaya mtu wa dini nyingine, kitu ambacho hakimo. Tafsiri za baadaye hutumia "hakimu".

*Baraza.* Hili halitegi, linapendeza tu. Zaburi 1:1 inamsifu mtu ambaye hakuketi "barazani pa wenye mizaha". Kiebrania kinasema kikao. Watafsiri wakaona kile kibaraza cha mawe mbele ya nyumba ya pwani, watu wameketi na kahawa, wakimnyoa kila apitaye.

Kwa nini Biblia yangu haina mstari ambao ya jirani inao?

Hakuna aliyeukata kwa hila. Kabla ya uchapaji, vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na nakala za zamani zaidi zilizogunduliwa hazina baadhi ya mistari iliyomo katika nakala za baadaye. Mtafsiri ana njia tatu: kuuacha na kuweka tanbihi, kuuweka ndani ya mabano ya mraba, au kuuweka kimya kimya.

UV hutumia mabano. Tazama Mathayo 17:21, "[Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga]", na mwisho wa sala ya Bwana katika Mathayo 6:13, kuanzia "[Kwa kuwa ufalme ni wako". Hiyo ndiyo sababu moja ya Mkatoliki na Mlutheri kuishia mahali tofauti wanaposali Baba Yetu pamoja msibani.

Nakala nzuri hukuambia. Iliyo mbovu ni ile inayoruka kutoka mstari wa 20 hadi 22 bila neno, au ile ya kunakiliwa mtandaoni ambayo mabano yamefutwa.

BWANA, Yehova, Mwenyezi-Mungu: ni huyo huyo mmoja?

Ni jina moja la Kiebrania lenye herufi nne, ambalo Wayahudi, kwa kuliheshimu, hawakulitamka. UV huandika BWANA kwa herufi kubwa zote, na mara chache Yehova, kama katika Kutoka 6:3. BHN huandika Mwenyezi-Mungu, kwa kistari. "Bwana" lenye herufi kubwa moja tu ni cheo, na linaweza kumhusu hata mtu.

Herufi hizo kubwa si pambo. Fungua Zaburi 110:1: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu." Ni wawili. Nakala ikiandika yote "Bwana", hoja ambayo Yesu anaijenga juu ya mstari huo katika Mathayo 22 imekufa, na baadhi ya nakala za kwenye simu zimefanya hivyo hasa. Tena ukisoma kwa sauti kanisani tofauti haisikiki kabisa. Hapo BHN ina faida.

Na "Roho ya Mungu" au "Roho wa Mungu"?

Hapa ngeli inabeba imani. Kisarufi, roho ni "roho ya… ikatulia", na UV imeandika hivyo katika Mwanzo 1:2. Katika Agano Jipya Roho Mtakatifu anachukua upatanisho wa mtu: "Roho *ndiye* ashuhudiaye." Vilevile Yohana 1:1, "*naye* Neno alikuwako kwa Mungu." Neno la kawaida lingekuwa "nalo". Kwa silabi moja, mtafsiri amekwambia Neno huyo ni nafsi.

Kigiriki hakina ngeli zetu, kwa hiyo kila "ya" na "wa" unayoiona ni uamuzi wa mtafsiri. Ukitaka kujua haraka tafsiri inaamini nini, usisome dibaji. Tazama ngeli katika Mwanzo 1:2, Yohana 1:1–3 na Yohana 14:26. Tafsiri iliyotolewa na dhehebu moja pekee hujionyesha hapo mapema, na hilo si kosa mradi mnunuzi anajua anachonunua.

Vitabu 66 au 73?

Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu jalada linaweza kufanana. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66: 39 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Ya Kikatoliki ina 73. Vile saba vya ziada ni Tobiti, Yudithi, Hekima ya Solomoni, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili, pamoja na nyongeza katika Esta na Danieli. UV ya kawaida ni ya 66. BHN hutolewa kwa namna zote mbili, na yenye vitabu hivyo huandikwa "Deuterokanoni". Mwanafunzi wa katekesi anayenunuliwa BHN fupi kwa bahati mbaya hugundua siku somo linapotoka Yoshua bin Sira.

Usitegemee neno la muuzaji. Fungua yaliyomo, tafuta Tobiti.

Nina dakika kumi dukani. Nipime vipi?

Omba tafsiri mbili, ziweke wazi sambamba mezani.

Anza na ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Lazima uone nani ametoa, mwaka gani, na tafsiri inaitwaje. Katika Tanzania na Kenya UV na BHN hutolewa na Vyama vya Biblia vya nchi hizo. Nakala isiyosema ni tafsiri gani, irudishe rafuni.

Kisha soma kwa sauti ya chini mahali pa namna tatu. Hadithi: Luka 15:11–32, mwana mpotevu. Je, inaenda, au unakwama? Hoja: Warumi 3:21–26. Ukimaliza, funga kitabu na ujiambie Paulo amesema nini. Ukishindwa mara mbili, tafsiri hiyo si ya kusoma peke yako. Ushairi: Zaburi 23. Hapa sikiliza mdundo tu, na uone kama mistari imepangwa kama ushairi au imemwagwa aya moja.

Mwisho, nenda Mathayo 17:20–22 uone mstari wa 21 umefanywaje, na Zaburi 110:1 uone herufi kubwa. Hapo umejua uaminifu wa mchapishaji.

Kosa la kawaida ni kupima kwa Yohana 3:16. Kila tafsiri inafanana hapo, kwa kuwa hakuna mtafsiri anayethubutu kuugusa mstari ambao umma mzima umeukariri.

Basi nichukue ipi?

Kusomea hadharani na kukariri: UV, au RUV kama wasikilizaji ni vijana. Kusoma kitabu kizima kwa mara ya kwanza, darasa la watoto, mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani: BHN. Kuandaa mahubiri au somo: zote mbili, na uanze na BHN kupata maana, kisha UV kuona maneno. Wengi hufanya kinyume, wakashika neno moja la UV na kulihubiria saa nzima kabla hawajajua sentensi inasema nini.

Ukiwa na pesa ya moja tu, nunua ile inayosomwa kanisani kwako na upakue nyingine kwenye simu. Mtu anayefuata somo kwa tafsiri tofauti na ya msomaji huacha kusikiliza na kuanza kuhesabu tofauti.

Kuna ubaya gani kutumia simu tu?

Si vibaya, na kulinganisha ni rahisi zaidi. Programu kubwa huonyesha ufupisho wa tafsiri (SUV ni UV, SRUV ni RUV, BHN, na NEN ni Neno), nawe unaweza kuweka mbili kando kwa kando. Matatizo ni haya: nakala zilizochapwa upya na watu wasiojulikana zina makosa ya herufi; tanbihi na mabano hupotea; na ukitafuta neno, utafutaji haujui Kiswahili. Ukiandika "penda" hutapata "aliupenda" katika kila programu, na ukiandika "samehe" utakosa "msamaha". Tafuta kwa mzizi mfupi, "pend" au "sameh", kama programu inaruhusu sehemu ya neno, na "msamaha" ulitafute peke yake. Kitabu chenye itifaki, yaani orodha ya maneno na mahali yanapopatikana, bado kina kazi.

Pakua tafsiri mapema ukiwa na mtandao. Ibada ya kijijini si mahali pa kugundua kwamba programu yako inasoma kutoka mtandaoni.

Karatasi, herufi na mshono?

Kwa kusoma mezani, herufi za pointi 9 au 10 zinatosha. Za mfukoni hushuka hadi 6 au 7, nazo humchosha yeyote aliyevuka arobaini. Kwa mimbarani, ambapo kitabu kiko sentimita 60 hivi kutoka machoni na taa huzimika, tafuta 12 au zaidi. Jaribu kwa kukishika kitabu mbali kiasi hicho hapo hapo dukani.

Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga. Maandishi ya upande wa pili yakisomeka, utasumbuka jioni. Kisha fungua katikati na utazame mgongoni kwa juu: ukiona vitita vidogo vilivyokunjwa na uzi, kimeshonwa. Ukiona gundi tupu, Zaburi zitaanza kudondoka, kwa sababu ziko katikati na ndizo zinazofunguliwa zaidi. Zipu inalinda kingo, lakini meno yake hula pembe za kurasa ukifunga kwa pupa.

Kiswahili cha Kongo ni tofauti?

Ndiyo, na kina Biblia zake. Utakuta *mutu* na *mutoto* mahali pa mtu na mtoto, na msamiati wenye Kifaransa na lugha za jirani. Kwa msomaji wa Lubumbashi au Bukavu hicho si Kiswahili kibovu, ni chake. Shida hutokea katika makanisa ya wakimbizi na wahamiaji, iwe Kampala, Nairobi au Amerika Kaskazini, ambako mtu wa Kigoma na mtu wa Uvira wamekaa benchi moja. Kabla ya kununua nakala hamsini, wasomeeni watu wa pande zote mbili Luka 15 kwa kila toleo, muwaombe wasimulie upya. Mtajua bila kura.

Zile Injili za Mwalimu Nyerere kwa utenzi?

Zipo. Mwalimu alizigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi. Nzuri kwa kughani na kwa kukumbuka visa. Lakini utenzi una mizani nane kwa kipande na vina vya lazima, na kina kikikosekana mshairi huongeza neno. Usitumie utenzi kuamua mafundisho.

Njia hii inafaa kwa Qur'ani?

Nusu yake. Kwa Mwislamu Qur'ani ni ile ya Kiarabu. Kiswahili ni tarjama ya maana, na nakala nzuri huweka Kiarabu kando yake ili isichukuliwe kuwa badala.

Tarjama ya kwanza kamili ya Kiswahili, ya 1923, ni ya mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, na maelezo yake yaliandikwa kwa jicho la Mkristo. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi akatoa ya jumuiya ya Ahmadiyya, Nairobi. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akatoa yake kamili mwaka 1969. Hii ina maelezo marefu chini ya ukurasa, na mara nyingi maelezo hayo yanajibu tarjama zilizotangulia. Ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ilitoka 1995. Inafuata tafsiri ya Kiarabu ya Al-Muntakhab ya Misri, na ndiyo utakayoikuta zaidi mtandaoni. Kwa darsa lenye mwalimu, al-Farsy bado haina mshindani. Kwa kusoma mfululizo, al-Barwani ni laini zaidi.

Pa kupimia ni Aal Imran 3:55 na An-Nisaa 4:157–158, juu ya Nabii Isa, na Al-Ahzab 33:40, juu ya mwisho wa manabii. Hapo ndipo tarjama ya Ahmadiyya inapoachana na nyingine. Na kuna mtego wa namba: machapisho ya Ahmadiyya huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, isipokuwa At-Tawba ambayo haina. Kwa hiyo 3:55 ya wengine kwao ni 3:56. Watu wamebishana usiku kucha kumbe kila mmoja anasoma aya yake.

Namba za Zaburi hazilingani na kitabu cha sala cha bibi. Kimekosewa?

Hapana. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, na ya Kilatini iliyoifuata, ziliunganisha Zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja. Kuanzia hapo vitabu vya zamani vya Kikatoliki viko nyuma kwa namba moja hadi karibu na mwisho: "BWANA ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 kwenye UV na ya 22 kwenye kitabu cha bibi. Wachapishaji wengine huandika zote mbili, 23 (22). Kwenye Zaburi ya 147 Kigiriki kinaigawa mara mbili, na zile tatu za mwisho, 148 hadi 150, namba zinakutana tena.